Nyumba Iliyokwenda Kutoa Ushahidi

Saa mbili asubuhi nyumba ya Kaltumu ilikuwa imeshatoka kiwanjani na kufika mbele ya duka la misumari, ikiteremka kwenda mahakamani. Kaltumu alikuwa ndani, anapiga pasi suruali ya mteja. Msingi wa mawe ya volkano ulikwaruza lami. Polisi wa njia panda aliiambia ishike kulia, nayo ikashika kulia.

Kesi ilikuwa ya rangi. Kwenye ramani ya mji mtaa wao ulikuwa wa njano, maana yake watu wakae. Mwaka jana ukapakwa nyekundu, maana yake biashara, na hakuna aliyeulizwa. Majirani walifurahi, kwa sababu Shyaka, mwenye hoteli, alitaka viwanja vyote kwa mpigo au asinunue hata kimoja. Kaltumu peke yake alishtaki. Tangu siku hiyo hakuna aliyeitika salamu yake.

Jirani yake Twagirimana alitembea kando ya dirisha.

"Yewe, mama! Hata nyumba imekuchoka! Inakukimbia na we iko ndani!"

"Haikimbii. Jaji alisema hawezi kupanda huku kuangalia kama iko watu. Donc, basi, inamufuata."

"Ifike na isirudi."

Ilisimama uani kwa mahakama, kati ya bendera na vyoo. Jaji alivua viatu mlangoni, akaona vitanda viwili, masufuria na mswala. Akaandika.

Kisha Shyaka, aliyesimama upande wa mji katika kesi, akasogea barazani, ilipokuwa cherehani.

"Mama Kaltumu, hapa unashoneaka watu nguo. Patente unalipaka?"

"Kila mwaka. Sijachelewa hata siku moja."

Kaltumu akatoa mwenyewe bahasha yenye stakabadhi kumi na tisa za kodi ya biashara, alizozitunza ili aonekane raia mwema. Mutesi, wakili wake, alimfinya mkono, lakini bahasha ilikuwa imeshafunguka.

"Bon," alisema Shyaka. "Nyumba ya kukaa watu inalipaka patente?"

Watu wakacheka. Twagirimana alicheka kuliko wote.

Mchana karani alitumwa kiwanjani. Alikuta udongo mtupu na kuku mmoja. Jaji akasoma uamuzi: mahali pasipokaa mtu si pa makazi, nyekundu inabaki.

"Na hii nyumba je?" aliuliza Kaltumu.

"Hii iko kwa kiwanja cha serikali. Hapa hapakaliwi."

Nyumba ilijaribu kurudi, ikashindwa na mlima.

Shyaka alijenga hoteli ya ghorofa nne, hadi juu ya kiwanja kitupu cha Kaltumu. Twagirimana aliuza, akahamia Kanama, na hasalimii mtu. Mutesi amekata rufaa, faili haijasikilizwa. Kuku hakuonekana tena. Nyumba iko bado uani kwa mahakama, na jikoni pamewekwa mashine ya fotokopi, inalipiwa patente. Kaltumu amepanga chumba Kanzenze. Anashona akiwa amefunga mlango.