Grisi Haijanawa Uso

"Hivi mkweo akikutuma kazini, unakwenda, au unamkumbusha kwanza nani kamzalia mke?"

Swali hilo lilirushwa juu ya ukuta wa ua na jirani, fundi cherehani, siku ile ile mkwe alipoajiriwa kiwandani. Nyuma yake cherehani yake ilikuwa imetoka kulia kwii-kwii kama panya aliyebanwa mkia. Mama Uzi alikuwa anaanika shuka. Alibana kibanio cha mwisho ndipo akajibu.

"Nitajua akinituma."

"Hujajibu."

"Nimejibu polepole."

Jina la Mama Uzi alipewa kiwandani, na halikuhusu nguo hata kidogo. Kiwanda kilikuwa cha grisi, ile inayopakwa kwenye beringi za mashine za kusaga, za matela na za matrekta. Kwa miaka ishirini na sita, tangu alipofiwa na mume, yeye ndiye alikuwa mpishi wa chungu kikubwa. Kilikuwa chungu cha chuma, kirefu kuliko mlango, chenye jukwaa la mpishi usawa wa ukingo wake, kuta mbili na mafuta ya moto yakizunguka katikati yake, na mapanga yakikoroga humo ndani kutwa nzima. Grisi ilipokaribia kuiva alichota kidogo kwa kijiti, akaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akaviachanisha taratibu. Uzi ukivutika kiasi cha ukucha na kukatika, imeiva. Ukivutika kama maneno ya mbea, bado.

Wageni walipouliza grisi ni nini, hakuwazungusha. "Mafuta ghafi yakichemshwa, petroli hutangulia kutoka, maana haina subira. Mafuta ya taa hufuata, kisha dizeli. Haya yetu mazito hubaki nyuma, na lami ndiyo ukoko wa sufuria. Sasa haya mazito ukiyatia peke yake kwenye beringi, yanachuruzika. Kwa hiyo tunayafunga kwenye sabuni. Mafuta ya mbarika yaliyogandishwa, unga mkali wa lithiamu, maji kidogo. Vikishikana ni sabuni, na sabuni huyashika mafuta kama sponji inavyoshika maji. Sasa rudi nyuma, hapo unaungua."

Mkwe alikuja na koni ya kupimia ugumu wa grisi. Ilikuwa ya shaba, inang'aa, imelala kwenye sanduku lenye kitambaa laini kama kito cha bibi harusi. Aliiachia ikaanguka kwenye kikombe cha grisi kwa sekunde tano, akasoma kwenye kipimo chake chenye mshale imezama kiasi gani. Namba kubwa, grisi laini; namba ndogo, grisi ngumu. Alikuwa na elimu ya kweli kichwani, na mama hakulibishia hilo. Asingemwoza binti yake kwa debe tupu.

Tatizo lilikuwa heshima. Mkwe alikuwa mkuu wa maabara, na mpishi wa chungu alikuwa chini yake. Lakini mpishi huyo ndiye mama mkwe, na kila asubuhi getini mkwe alivua kofia ya kazi, akainama, "Shikamoo mama." Angewezaje, dakika mbili baadaye, kumtuma? Kwa hiyo alikuja akasimama mbele ya chungu, akakikodolea macho, akasema, "Chungu kiongezwe moto."

Na Mama Uzi, aliyesimama hatua tatu kutoka kwake, alijibu akikitazama chungu hicho hicho, "Chungu kimesikia."

Wapakiaji wa makopo waliuma midomo wasicheke. Mambo yalikwenda hivyo miezi miwili. Koni ilipinga kidole, kidole kikapinga koni, na chungu kikawa mshenga.

Meneja akachoka. Alikuwa mtu wa haraka, anayefunga tai akitembea. "Mafahali wawili zizi moja sitaki," alisema. "Nitakuja Ijumaa, na mapishi ya Alhamisi yataamua. Koni ikishinda, mama ataenda kubandika lebo kwenye makopo. Kidole kikishinda, koni irudi sandukuni, na mwenye koni atafute pengine."

Alfajiri ya Alhamisi Mama Uzi alipiga magoti kabla ya kuvaa viatu vya kazi. Dua yake ilikuwa fupi. "Mungu wangu, chungu nakitaka, unajua. Ila usiniache nikipate kwa ubaya."

Mapishi yalikwenda vizuri. Maji yalipoanza kutoka, povu likapanda kama la maziwa, naye akasimama mkono kwenye valvu, hakuondoa jicho wala hakumjibu mtu mpaka povu likashuka. Akapandisha moto, akapoza kwa mafuta yaliyobaki, akaipitisha grisi kwenye kinu cha kulainisha. Saa tisa alasiri alichota, akabana, akaachanisha. Uzi ulivutika kiasi cha ukucha, ukakatika.

"Imeiva," alisema.

Mkwe alichota upawa hapo hapo, grisi ingali inatoa mvuke, akakimbilia maabara. Maabara ilikuwa chini ya bati, na feni yake ilikuwa imekufa tangu wiki iliyopita. Koni ilizama kama jiwe kwenye uji. Namba ikasoma mia tatu na arobaini, na iliyotakiwa ni mia mbili na themanini.

"Laini," alirudi kukiambia chungu, akihema. "Chungu kiongezwe sabuni. Ile nzito ya akiba, ndoo nne."

"Chungu kinauliza kama grisi imepoa."

"Chungu kiambiwe koni haidanganyi."

"Chungu hakijasema inadanganya. Kinasema mtu aliyekurupushwa usingizini haulizwi neno kabla hajanawa uso."

Mpakiaji mmoja alishindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani. Masikio ya mkwe yakacheza. "Ndoo nne," alisema tena, akaondoka.

Mama Uzi alibaki ameshika mpini wa ndoo. Akikataa mbele za watu, amemvua nguo mume wa binti yake. Akitii, grisi itaganda kama ukuta, na kesho mkwe hana kazi naye ana chungu chake. Na hakuna ambaye angeweza kumlaumu, maana alitumwa. Hapo ndipo alipokumbuka ile dua, akaona Mungu naye ana haraka ya kujaribu watu.

Basi akajiuliza swali la mpishi: je, kinaokolewa? Grisi ngumu huokolewa. Ni moto, mafuta na subira. Alijaza kwanza kopo moja kutoka kwenye chungu, akalifunika, akaandika saa kwa chaki juu ya mfuniko, akaliweka kwenye rafu. Kisha akamwaga ndoo nne, moja baada ya nyingine, bila kumwaga hata tone pembeni.

Ijumaa asubuhi mpakiaji alichomeka mwiko mkubwa kwenye chungu, akauachia. Ukasimama wenyewe. Akauvuta, ukakataa. Mwenzake akamshika kiunoni wakavuta pamoja, na hapo ndipo meneja alipoingia.

"Mnacheza?"

"Tunapakia, bwana meneja."

Meneja aliuvuta mwiko kwa mkono mmoja. Akauvuta kwa miwili. Akalegeza tai, akaweka mguu kwenye ukingo wa chungu, akavuta mpaka mshipa wa shingo ukatoka. Mwiko haukutikisika.

"Nani kafanya hivi?"

"Aliyeweka sabuni ni mimi," alisema Mama Uzi. "Kwa mikono hii."

"Kwa agizo la nani?"

Mama Uzi alitazama chungu. Hakutaka kusema uongo, wala ukweli ule haukutaka kutoka. "Chungu ndicho kilichoambiwa," alisema.

Mkwe, aliyekuwa amejibanza kando ya kinu, alisogea mbele. "Ni mimi, bwana meneja. Na mama alinikataza."

"Alikukatazaje?"

"Kupitia kwa chungu."

Meneja alikitazama chungu kama mtu anayefikiria kukiita ofisini.

Mama Uzi alikwenda kwenye rafu, akarudi na kopo lenye chaki. "Hii ni ya jana, kabla ya ndoo. Imelala, imepoa." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mkwe aajiriwe, akamgeukia yeye mwenyewe. "Mwanangu, ipime."

Maabara, asubuhi ile, ilikuwa bado na ubaridi. Mkwe aligusa koni, akasita, akairudisha. Akatoa chini ya sanduku kikombe chenye mpini na sahani ya matundu, ambacho hakuna aliyewahi kukiona nje. Akajaza grisi, akaitwanga humo, midomo ikihesabu, mara sitini. Akachomeka kipimajoto: nyuzijoto ishirini na tano. Ndipo akaiachia koni.

"Mia mbili themanini na moja," alisoma. Akaifuta koni. "Kitabu kinasema hivyo hivyo. Ipoe, itwangwe mara sitini. Nilikuwa na haraka ya Ijumaa."

Mama Uzi alibana kidogo, akaachanisha. Ukucha mmoja.

Meneja, aliyekuja kutafuta aliyeshindwa, alijikuta hana wa kumfukuza. Alikaza tai yake. "Chungu ni cha mama. Koni ibaki, lakini haiangushwi mpaka mama aseme. Na kijana ataanza Jumatatu chini yake, ajifunze kusubiri. Hiyo iliyoganda je?"

"Inaokolewa," alisema Mama Uzi. "Moto na mafuta. Ila chungu chetu sasa kina alama ya kiatu chako."

Jumapili, baada ya ibada, binti na mkwe walikuja kunywa chai. Fundi cherehani aliingia nyuma yao bila hodi, akavuta kiti, maana alikuwa amesikia nusu ya habari na nusu nyingine ilimkosesha usingizi.

"Haya, leo nijibu. Akikutuma, unakwenda?"

"Hanitumi mimi. Anatuma chungu."

Mkwe alizama kwenye kikombe chake. Binti alicheka hadi chai ikampalia.

"Na wewe ukimtuma yeye?" jirani aliuliza.

Mama Uzi alimmiminia chai, akafunika birika. "Mwanangu," alimwambia mkwe, akimtazama usoni, "cherehani ya jirani yetu inalia tangu mwaka jana. Huwa anaitia mafuta ya kupikia, nayo yamekauka humo yakawa gundi. Kuna kichupa cha mafuta mepesi ya mashine pale dirishani. Isafishe kwanza kwa mafuta ya taa, ikauke, ndipo utie matone matatu. Usiwe na haraka."

Jirani alifungua mdomo aseme kitu kuhusu cherehani yake. Mkwe aliweka kikombe chini, akachukua kichupa na kitambaa, akatoka kuelekea ua wa jirani.