Doti Thelathini na Mume Mmoja

Mume wangu Kombo ni mbishi. Ukimpa maji ya kunywa atakwambia umejaza vibaya. Jumapili ile, ngoma ya wanawake ya harusi ya binti yetu Asmahani ikiwa kesho, alisimama na kamba mkononi kwenye kiwanja kitupu cha jirani, akanitangazia kwamba pale haiwezekani.

"Kiwanja hiki ni uani kwetu mara nne, Mama Asmahani. Mwaka jana kwenye maulidi uani tulizungushia doti kumi na tano za kanga. Hapa zinatakiwa sitini. Unazo?"

Nilikuwa nazo thelathini, nimeziazima Ngamiani nzima, zote hazijakatwa. Doti isiyokatwa ukiitundika kwa urefu inashuka toka kamba ya juu mpaka chini, na wa nje haoni hata kisogo. Ilikuwa lazima iwe hivyo. Bi Nasma, mama wa bwana harusi, alishaleta salamu kutoka Muheza: wanawake wake wakicheza wanavua mabuibui, na akiona upenyo mmoja tu atawapandisha basi warudi. Mwanangu angeingiaje ukweni na aibu ile? Na uani kwetu hawaenei hata mashangazi peke yao.

"Upande wa kiwanja ni mara ngapi ya upande wa uani?" nikamuuliza.

"Mara mbili. Nimepima mwenyewe! Umbo ni lile lile, urefu mara mbili, upana mara mbili. Mbili kwa mbili nne."

"Sasa doti tunazungusha au tunatandika?"

"Usinichanganye."

Hasira zikanipanda. Nikaingia ndani, nikatoka na sahani ya kashata za wageni, zilizokatwa mraba. Nikaweka moja peke yake. Pembeni nikapanga nne, mbili juu, mbili chini, zikashikana.

"Hii ndogo ina pande nne. Hebu zungusha kidole nje ya hili kubwa, uhesabu."

Akazungusha. Nane. Akarudia kinyumenyume. Nane.

"Pande nyingine zimekwenda wapi?"

"Zimegusana katikati, Baba Asmahani! Sisi tunaziba nje, hatugawi vyumba. Upande ukiwa mara mbili, mzunguko nao mara mbili. Hiyo nne yako kahesabie mikeka ya kukalia."

Kombo akala ushahidi wote, kashata tano, ili asiseme nimeshinda. "Hazitatosha," akasema, mdomo umejaa nazi.

Jumatatu doti ya thelathini ikakutana na ya kwanza, nikatia pini, kwisha. Bi Nasma akaja, akapitisha mkono kwenye maungio yote, kisha akavua buibui. Wallahi nilitaka kulia kwa furaha.

Ngoma ikalia. "Mwamvua, mama wa bibi harusi, katikati!" wakapiga kelele. Nikashika kiuno. Loo! Gauni tupu. Nani anacheza bila kibwebwe? Na kanga zangu zote zilikuwa ukutani.

Mkono ukaenda wenyewe. Nikachomoa pini, nikajifunga doti nzima, fundo kubwa kama dafu. Ndipo nikasikia mayowe nyuma yangu. Barabara yote ilikuwa inatutazama, na Bi Nasma ameshika buibui lake.

"Baba Asmahani!" nikaita. "Njoo uzibe hapa! Mgongo kwetu, tanua mikono!"

Alikuwa barazani. Akaja na kanzu yake pana ya harusi, akasimama penye upenyo, uso barabarani, mikono kaitanua, mikono ya kanzu inaning'inia. Bi Nasma akapenyeza kiganja huku, akapenyeza kule. Hakikupita. Akaliacha buibui.

"Nilisema hazitatosha," Kombo akanong'ona bila kugeuka.

"Zimetosha. Ya thelathini ndiyo wewe. Ukishusha mkono, Bi Nasma anarudi Muheza."

Nikaingia katikati, nikacheza mpaka fundo likalegea. Kila nikimtazama, mikono ilikuwa juu vile vile.