Kikosi Kilichotiwa Macho

Jumamosi, baada ya chai ya saa nne, fundi saa mstaafu alivaa miwani yake ya kukuzia, akainyoosha ncha ya brashi kwa mate, akamtia macho mpanda farasi wa kumi na saba. Kikosi kilikuwa cha Warusi wa enzi za vita vya Napoleon: askari wa bati wasiozidi kidole gumba, makoti ya kijani, kola nyekundu, farasi wa kahawia. Wachezaji wa vita vya mezani wengi hawahangaiki na macho. Kwa udogo ule, kivuli chini ya kofia kinatosha. Yeye mwenyewe alikuwa akiwacheka wanaojisumbua. Lakini nyumba ilikuwa kimya mno, na alitaka awepo wa kumtazama.

Miaka mitatu nyuma hakuhitaji. Kila Jumamosi mdogo wake alikuja na Wafaransa wake ndani ya boksi la viatu, wakapigana juu ya meza ya kulia mpaka jioni. Siku ya mwisho kikosi hikihiki kiliwavamia Wafaransa, fundi akarusha dadu, ikaangukia moja: shambulio limeshindwa. Mdogo wake alikuwa jikoni akimimina chai. Fundi akaigeuza dadu kwa kidole, ikaonyesha sita.

"Sita kweli, kaka?"

"Unaniita mwongo ndani ya nyumba yangu?"

Mdogo mtu aliwapanga Wafaransa wake mmoja mmoja, akafunika boksi, akaenda zake. Chai ile hakuna aliyeinywa.

Askari wa kumi na saba alipokauka alifanya kama wenzake waliomtangulia. Alijibandua kwenye gundi, akampapasa farasi wake shingoni, akateremka kwa mguu wa meza, akapita chini ya mlango. Fundi alikuwa ameshaondoa zulia la mlangoni asijikwae.

Mshonaji wa nyumba ya chini aliita kutoka uani. "Mzee! Mmoja wako kapita. Nimemfungulia geti."

"Ahsante, mama. Kauliza njia?"

"Aulize nini? Anaijua kuliko mimi."

Saa tisa simu ililia, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu.

"Kaka. Wametimia kumi na saba."

"Wote wazima?"

"Mmoja kachubuka begani. Wamejipanga mbele ya boksi langu, wananitazama tu." Kisha akasema, "Umewatia macho."

"Nimewatia."

"Siku ile walikuwepo mezani."

"Walikuwepo."

Mdogo mtu akasubiri. Fundi alimsikia akipumua, akasikia na kijiko kikikoroga chai ya mtu mmoja. Neno la kuomba radhi lilikuwa fupi, na lilikuwa limeshamfika kooni. Aliona aibu. Huyu ni mdogo wake, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Usiwaweke juani," akasema. "Nyekundu inapauka upesi."



"Sawa, kaka," mdogo wake akasema, akakata simu.

Mezani walibaki farasi kumi na saba wenye matandiko matupu, na mpanda farasi mmoja, ofisa mwenye upanga. Fundi alichovya brashi kwenye rangi nyeupe, akamsogelea usoni, akasita. Kisha akaifuta brashi kwa kitambaa. Huyu alimwacha na kivuli chake chini ya kofia, apate wa kubaki naye.