Baiskeli ya Mama Mkwe

Mashauri, fundi wa kuchomelea pale Mikumi, habahatishi. Hata mlango wa banda la kuku huupima mara mbili. Kitu kimoja tu alikikadiria, nacho ni baiskeli ya mama mkwe wake.

Bi Coletha alipigwa na kiharusi upande wa kushoto. Hospitalini wakashauri mazoezi ya mikono na miguu kwa pamoja, ndipo Mashauri akaunda baiskeli ya magurudumu matatu, yenye pedeli za miguu chini na za mikono juu. Mnyororo uliziunganisha, hivyo upande mzima uliuburuta ule uliolegea. Watu walikuja kuitazama, wakamsifu, naye akavimba kichwa.

Sasa, kwao Wasukuma mwanaume hamsogelei mama mkwe. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini kupisha. Kumwekea futi begani ndiyo kabisa, hata wajukuu wangeona haya. Sawa, heshima ni heshima. Lakini si angempa mkewe, Kulwa, hiyo futi akampime mama yake? Hata hilo aliona aibu kulitamka. Akampima Kulwa mwenyewe, akijidai mama na mtoto ni wale wale, huku akijua fika kwamba Kulwa ni mrefu kama baba yake na mama mtu ni mfupi.

Kila asubuhi, akiwa karakana, alimwona Bi Coletha akipita, mgongo umepinda mbele, akizifukuzia pedeli za juu. Aliona, akainamia chuma chake. Atazoea, alijiambia.

Siku ya mnada Bi Coletha alijinyoosha kuifuata pedeli, akachomoka kwenye kiti, akaangukia mkono wa kulia, ule mzima. Mashauri ndiye aliyekuwa karibu. Alikimbia, akabakiza hatua chache, akasimama. Akageuza uso pembeni na kupaza sauti kumwita Kulwa. Aliyemwinua mama wa watu kutoka vumbini ni muuza nyanya mpita njia.

Mkono ulivunjika, ukafungwa plasta. Ikawa Kulwa anamlisha mama yake kijiko kwa kijiko, na Mashauri, akisikia kile kijiko kikigonga bakuli, anausukuma ugali wake kando. Mwishowe alishindwa kuvumilia. Akaenda kusimama nje ya mlango wa mama mkwe, macho chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, kosa ni langu. Sikukupima."

"Nilijua pedeli ziko mbali tangu siku ya kwanza. Mkwe kaniundia baiskeli, nitaanzaje kusema hainifai?"

Mashauri alitamani atukanwe. Maneno yale ya upole yalimuumiza zaidi. Akatoa futi mfukoni na kumnyooshea mkewe, aliyekuwa kaketi ndani na bakuli.

"Kulwa, mpime mama."

"Siku ile nikiwa chini ulimwita Kulwa," Bi Coletha alisema. "Leo usimwite."

Mashauri akavua viatu, akaingia, akapiga magoti. Aliivuta futi kutoka bega la mama mkwe mpaka kwenye vidole vilivyochungulia nje ya plasta. Machozi yalimzuia kusoma namba, ikabidi apime tena.