Kiti cha Chumba cha Tisa

"Leo umekuja na mgeni," mwanamke anayepokea makoti mlangoni mwa makumbusho alimwambia mume wangu, tena kwa tabasamu la mtu anayemjua mtu.

"Mke wangu," mume wangu alijibu, akaanza kuhangaika na vifungo vya koti lake. Vifungo vinne tu, lakini alivishughulikia kama anayefungua sefu ya benki.

Mwanamke yule alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akanipa kibao chenye namba. "Karibu sana, mama. Hatimaye."

Hatimaye! Hatimaye nini? Nilijikaza kisabuni, nikashukuru, nikatia kibao mfukoni. Lakini machale yalikuwa yameshanicheza tangu nyumbani.

Ni miaka saba tangu siku ile. Sisi ni mafundi wa viti. Yeye hushika mbao na springi, mimi kitambaa na sindano, na karakana yetu iko nyuma ya nyumba, dirisha moja kubwa, vumbi la pamba kila mahali. Kila majira ya baridi, kazi zikipungua, alikuwa akisafiri siku mbili kwenda mji mkuu kununua singa, zile nywele za farasi za kujazia viti, na misumari midogo. Alirudi na mfuko mmoja, akalala, yakaisha. Miaka kumi na moja alikwenda peke yake, wala sikuuliza. Singa ni singa, utauliza nini?

Mwaka ule akasema, huku akipaka siagi kwenye mkate na macho yake yako kwenye kisu, "Twende wote. Siku tatu. Tuone makumbusho, tule vizuri." Huyu ni mtu ambaye chai ya mkahawani huiita maji ya kunawia mikono. Nilimpigia simu dada yangu mkubwa saa ile ile.

"Amekununulia kitu?" dada aliuliza.

"Koti."

"Kuna jambo, mdogo wangu. Nenda, jipambe, fungua macho, na usimlilie mbele za watu."

Basi nilisafiri nikiwa na hakika kamili. Kuna mwanamke, na mume wangu ananipeleka mjini ili anieleze mahali ambapo nitaona haya kupiga kelele. Ndoa ya miaka thelathini na miwili ingezikwa juu ya kitambaa cheupe cha meza, na mhudumu angesimama pembeni kuuliza kama tutakula na tunda.

Mchana wa kwanza tulikula samaki. Nilisubiri aseme. Aliligeuza limau kwenye sahani, akalirudisha lilipokuwa, kisha akauliza kama macho yangu bado yanaona vizuri kwa mbali.

"Yanaona," nilimjibu. "Hata yasiyotakiwa yanayaona."

Akacheka kidogo, akalipa, tukatoka kwenye baridi iliyokuwa inauma masikio. Tukaenda moja kwa moja makumbusho.

Baada ya yule wa makoti, mume wangu alitembea ndani ya jumba lile bila kusoma kibao hata kimoja. Kushoto, ngazi, kushoto tena, kama mtu anayekwenda chooni kwake. Mimi nyuma yake nilikuwa nakagua wanawake. Mlinzi aliyekaa chini ya picha ya farasi? Mzee mno. Yule anayeuza kadi mlangoni? Alikuwa na pete. Picha zenyewe sikuziona, Mungu anisamehe, na nasikia ni nzuri sana.

Chumba cha tisa kilikuwa na benchi, na katikati kiti kimoja kilichozungushiwa kamba. Mume wangu alikaa kwenye benchi, akapiga-piga nafasi kando yake. Nikakaa. Akaanza kunitazama mimi. Hakuangalia ukuta wala kiti, aliniangalia mimi tu, kama anayengoja maziwa yachemke.

Hapo akaingia msichana mwenye kilemba chekundu, mwongozaji wa wageni, na watu kama kumi nyuma yake. Alipomwona mume wangu uso ulimchangamka. "Mzee wangu! Habari za tangu mwaka jana?"

Nikasema moyoni, ndiye huyu. Mtoto wa juzi! Yeye alikuwa ameshawageukia wageni wake, anaeleza.

"Kiti hiki kina miaka mia mbili. Kilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ya mfalme, na kitambaa ni kile kile cha mwanzo. Fundi wake jina hatulijui. Lakini tunajua alikuwa mwanamume, na alitumia mkono wa kushoto. Tazameni mshono ulivyolala."

Mimi natumia mkono wa kushoto. Ndipo nikakitazama kile kiti kwa mara ya kwanza.

Nilikishona mimi, nikiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, tumbo linagusa meza ya kukatia. Kulikuwa na dalali wa vitu vya zamani tuliyemwita Miwani, ambaye alikuwa akituletea kazi, na siku hiyo alileta fremu ya kiti na pazia kuukuu lenye ndege wa bluu la kuifunikia. Mume wangu aliniambia ni kiti cha bibi mmoja mgonjwa, kinafufuliwa tu. Kitambaa kilikuwa cha kupimiwa, hakina hata shibiri ya ziada, na mimi kwa haraka nikakata kipande cha mkono wa kushoto wa kiti kinyume. Ndege akatoka kichwa chini. Nililia kama mtoto. Mume wangu alinifuta machozi, akasema upande huo utakaa ukutani, hakuna atakayeuona.

Sasa kiti kilikuwa katikati ya chumba, na watu kumi walikuwa wakikizunguka.

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe.

"Ndiyo, mama?" alisema mwongozaji. Mume wangu alifumba macho.

"Ndege wa upande huu yuko kichwa chini."

"Umeona vizuri sana! Wataalamu wetu wanasema fundi alifanya makusudi. Alikuwa anaomboleza."

"Hakuomboleza," nilisema. "Alikuwa mjamzito, na mwanga ulikuwa unamwishia."

Wote wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote, kisha akawaongoza chumba cha kumi. Tukabaki wawili.

"Uliniambia ni cha bibi mgonjwa."

"Ndivyo Miwani alivyosema, mama watoto. Mwaka ule wa kwanza mvua ilinikuta nje, nikaingia humu kujikinga. Nikakikuta."

"Na miaka yote hii ukanificha?"

"Ningekuambia, ungekuja kusimama hapa useme ni chako."

"Na ni changu."

"Ndiyo maana." Akapangusa goti lake lisilo na vumbi. "Nilikuwa nakuja kukaa nacho kidogo. Hatujawahi kufanya kizuri kuliko hiki. Wiki ijayo kinapelekwa ng'ambo, hakirudi karibuni. Nikaona ni dhambi kiondoke hujakiona."

Nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi hata nikamshika mkono mbele ya mlinzi. Hakukuwa na mwanamke. Mwanamke wa chumba cha tisa alikuwa mimi, na mume wangu alikuwa akisafiri kila mwaka kuja kuuangalia mshono wangu. Tulipokaa kula tena, njaa iliyonishika ilikuwa ya siku mbili. Niliagiza nyama, nikaagiza supu, nikamwambia aache kulitesa lile limau.

Nilikuwa katikati ya nyama nilipokumbuka uzi.

"Siku ile," nilimwambia, "nilikuwa na uzi mpya wa bluu. Ukanikataza. Ukaniambia niufumue uzi wa kwenye pindo la pazia, nishone kwa huo."

Alikuwa anakata nyama yake vipande vidogo vidogo, kama vya kumlisha mtoto.

"Kiti cha bibi mgonjwa, uzi mpya ungekidhuru nini? Anayeogopa uzi mpya ni yule anayetaka kiti kidhaniwe cha kale."

"Uzi ule wa zamani ulikuwa imara," alisema kwenye sahani.

"Miwani alituletea kazi miaka minne. Viti vyetu ulivyokwisha kuviona kwenye majumba kama lile, ni vingapi?"

Mume wangu aliweka uma chini.

Tangu mwaka ule tunasafiri wote kwenda kuviangalia viti vyetu. Tumeshafika miji mitano, tumekaa kwenye mabenchi mengi, na tumekula vizuri kila mahali. Kila tukirudi namuuliza kama sasa viti vyetu vimekwisha. Husema vimekwisha, lakini husema akiwa amenipa mgongo.