Mikono ya Wadad Kwenye Kishki

Upepo ulipogeuka na kuanza kuteremka kutoka mlimani, Najla alijua siku ya kusugua imefika. Mtindi na ngano vilikuwa vimeumuka pamoja chunguni, kisha akavianika juu ya paa kwenye mashuka, na sasa mabonge yake yalivunjika ukiyafinya. Ilibaki kuyasugua kwa viganja mpaka yawe unga. Huo ndio unga wa kishki, na nyumba isiyo na supu yake bonde zima la Bekaa huihurumia baridi ikiingia.

Lakini Najla alikuwa na njaa nyingine. Tangu aolewe alipika kwa ruhusa ya wifi yake, Wadad, dada mkubwa wa mumewe, aliyeshika ufunguo wa ghala na kumpimia hata chumvi. Munif, mumewe, alipochoshwa na kelele alisema, "Ukiweka akiba ya kishki chako mwenyewe, pika chumba cha chini. Sitatia neno."

Kusugua ni kazi ya majirani, leo kwako, kesho kwangu. Asubuhi hiyo hakuja hata mmoja. Wadad alikuwa ameshapita milangoni mwao kuwazuia.

Najla alisugua peke yake mpaka viganja vikamwasha. Wingu lilipotanda, Wadad akapanda ngazi taratibu, akasimama kando ya mashuka.

"Kitendawili," alisema.

Najla akaendelea kusugua.

"Huitikii? Basi natega hivyo hivyo. Ana mikono miwili, kazi ya mikono ishirini, na mvua iko mgongoni."

"Mjinga."

"Umejijibu mwenyewe, bibie. Mimi sijamtukana mtu."

Akachuchumaa, akakunja mikono ya gauni, akanyoosha vidole kwenye shuka. Najla akamdaka kifundo cha mkono. Alijua anachotafuta. Aliyesugua ana fungu lake, na kishki kilichoguswa na Wadad kingekwenda ghalani kwa Wadad.

"Toa mkono wako, wifi."

"Mvua hiyo inakuja. Unataka kulisha kuku?"

"Nitawalisha mwenyewe."

"Na kaka yangu atakula nini baridi ikishika? Kiburi chako?"

"Nitakitia vitunguu saumu."

Wadad akajichomoa, akajipangusa kwenye gauni kana kwamba ameshika uchafu, akashuka. Hajafika chini, matone yakaanza.

Najla akakimbizana na mvua. Unga mkavu aliukusanya kwenye foronya, haukufika hata nusu. Mabonge mengine yote yalilowa. Akayazoa kwenye beseni na kuyateremsha chumba cha chini, maana kishki kilicholowa hakingojei kesho. Alikaanga vitunguu saumu kwa mafuta ya kondoo, akavuruga mabonge kwa maji baridi, akamimina, akakoroga bila kupumzika, machozi yakimtoka. Hakuyafuta.

Munif alirudi amelowa. Juu Wadad akaita, "Munif, njoo, chakula tayari. Huko chini utakula matope."

Munif akasimama ngazini, mguu mmoja juu, mmoja chini. Najla hakumwita. Alipakua bakuli mbili tu.

Munif akaitazama foronya. "Ndicho chote hicho?"

"Ndicho chote. Na hakuna mkono wa mtu mwingine humo."

"Hakitafika majira ya theluji."

"Kitakapoisha, tutakula dengu. Nitazipika hapa hapa."

Munif akavua viatu vyake vilivyolowa, akaviweka mlangoni mwa chumba cha chini, akaingia.

Hapo Wadad akaanza kugonga sakafu ya juu kwa fimbo, ko, ko, mpaka vumbi la chokaa likadondoka kutoka darini. Najla akafunika sufuria na kukaa.

"Mbona kali hivi?" Munif aliuliza baada ya kijiko cha kwanza.

"Kali ndiyo. Kula."

Akala. Juu fimbo iliendelea kugonga.