Ziwa la Doña Zoila

Anselmo Tipán alianza kwa kuchora watakatifu, kama kila mchoraji wa Quito aliyetaka kula mchana. Mtakatifu Roko na mbwa wake aliwachora mara nyingi mno, hata mbwa wa mtaani kwetu wakaanza kufanana na yule wa kwenye picha. Siku moja akatangaza kwamba amechoka kuchora watu asiowahi kuwaona. Sasa atachora milima, maana milima angalau ipo.

Mkewe Jacinta alimtazama akiwa anamenya viazi. "Na hiyo milima imekubali kukulisha?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikimtengenezea fremu, kwa hiyo niliombea kwa dhati milima ikubali.

Ikakubali. Wakati ule wenye mashamba walikuwa wamegundua kwamba kumiliki bonde zima hakunogi kama wageni hawalioni ukutani wakinywa chokoleti. Don Belisario Zambonino, mwenye shamba karibu na Latacunga, akamwita Anselmo amchoree lake, na mlima Cotopaxi nyuma yake.

Anselmo alikaa huko majuma kadhaa, poncho mabegani, akingoja mawingu yaupishe mlima. Mawingu hayakuwa na haraka. Aliyemwonea huruma ni Manuela Toapanta, mmoja wa watu wanaolima shamba lile, ambaye kibanda chake kilikuwa pale bondeni kando ya kijito. Alimletea mahindi ya kuchemsha, na siku ya sikukuu paja la simbilisi. Basi Anselmo akavichora vibanda vile katikati kabisa ya picha: moshi ukipenya kwenye nyasi za paa, nguruwe mweusi wa Manuela amelala mlangoni, na mlima nyuma yao. Aliporudi nikamwona ana furaha, na wala hakuwa amelewa.

Tukaibeba picha hadi nyumbani kwa Don Belisario. Mkewe, Doña Zoila, akaisogelea.

"Hivi vichuguu ni vya nini?"

"Ni nyumba za watu wenu, Doña."

"Watu gani?"

"Wanaowalimia."

"Kumbe wanakaa pale?" Akamgeukia mumewe. "Mbaya jamani! Shamba linaonekana lina upele. Weka ziwa."

"Hakuna ziwa pale, Doña."

"Najua hakuna. Lingekuwepo ningekuita wewe wa nini?"

Don Belisario naye alikuwa na dogo la kuongeza. Mlima ulikuwa umekaa mno upande wa jirani. Hauwezi kusogea kidogo?

Ukasogea. Ziwa nalo likajaa kwa jioni mbili, maji ya buluu juu ya vibanda, moshi na nguruwe. Jacinta alipoliona alisema, "Watakatifu walikuwa wavumilivu. Hakuna hata mmoja aliyekwambia umsogeze."

Picha ikatundikwa, na Quito nzima, yaani zile familia saba zinazojiita Quito nzima, ikaja kuitazama. Ikaja pia familia moja ya Guayaquil, wenye mashamba ya kakao, ambao kijana wao alikuwa akimtaka binti wa Don Belisario. Mama wa kijana akapiga makofi.

"Ziwa! Sisi wa pwani tunapenda mashua kupita kiasi. Tutakuja Agosti, mtutembeze humo."

Mtu wa kawaida angesema, mama, hilo ni rangi tu. Lakini Don Belisario hakuwa mtu wa kawaida; alikuwa mtu mwenye heshima zake. Akainama, akasema Agosti ni mwezi mzuri sana ziwani. Kesho yake akatuma amri kijito kizibwe.

Waliokiziba ni walewale wa vibandani, maana nani mwingine hufanya kazi pale? Maji, kwa kuwa hayajasoma, yakaenda mahali pa chini. Manuela na wenzake waliambiwa asubuhi wahame. Mchana nguruwe alikuwa anaogelea.

Manuela alikuja Quito kwa miguu. Nilikuwepo alipoingia.

"Wewe ndiye uliyechora maji juu ya nyumba yangu?"

Anselmo akasimama, brashi mkononi. "Mama Manuela, ilikuwa rangi tu. Niliichora nyumba yako kwanza, naapa. Iko pale chini, chini ya rangi."

"Hata sasa iko pale chini."

 Anselmo akaenda pembeni akatoa ubao mdogo aliouchora kulekule bondeni, wenye vibanda vyote, akampa. Manuela akaugeuzia kwenye mwanga.

"Nguruwe umempatia," akasema. "Mvua ikija nijifunike hii?"

"Hapana, mama."

"Miti ya kujengea unajua kubeba?"

"Sijawahi."

"Vaa viatu, twende."

Nikaenda nao, kwa sababu seremala wa fremu bado ni seremala. Tulijenga upya juu kwenye mteremko, mahali ambapo upepo haukupishi hata kumaliza sentensi. Anselmo alibeba miti vibaya mno, akaangusha mmoja juu ya mguu wake mwenyewe, na watoto wakamfuata kila siku wasikose tukio. Siku ya kuezeka paa la Manuela alikaa kando, akalia kimya, mikono imechubuka. Manuela akamletea mahindi. Hakusema amemsamehe, wala Anselmo hakuuliza.

Agosti wageni wakafika. Ziwa lilikuwa la kahawia na lilinuka. Bwana harusi mtarajiwa alizama kwenye tope hadi kiunoni kabla ya kuifikia mashua, na mamake akatangaza kwamba ni kama kwenye picha kabisa. Ndoa ikafungwa. Gazeti moja la Quito likamsifu Tipán kuwa mchoraji mkweli, asiyeongeza wala kupunguza kitu katika maumbile.

Anselmo alilisoma, akaapa hatachora tena shamba la mtu. Kiapo alikishika karibu mwaka mzima, ambao kwa mchoraji si haba. Kisha bibi mmoja wa Ambato akaja kutaka maporomoko ya maji nyuma ya nyumba yake.

"Chini ya hayo maporomoko wanakaa akina nani?" Anselmo akamuuliza.

"Hakuna mtu," akajibu bibi yule.

Anselmo akachukua poncho yake, akaenda kuangalia mwenyewe.